Duka la vitu vya safari Jengo la Tatu, Dar: cha kununua pale na cha kununua mapema Kariakoo

Nauza mapazia Kariakoo, na mzigo wangu naufuata mwenyewe China. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitataja bei humu, na sitaki mtu adhani nalalamika kwa kutoijua biashara. Adapta ya umeme inayouzwa uwanja wa ndege naijua inakotoka, najua inavyouzwa kwa jumla Guangzhou, na najua mwenzangu wa Kariakoo anaiuza shilingi ngapi baada ya kulipia meli, bandari na kodi ya fremu. Kwa hiyo nikisema duka fulani la uwanja wa ndege linastahili pesa yako, ujue hesabu nimeshapiga.

Duka lenyewe lipo Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, upande wa ndani, ukishamalizana na uhamiaji na mashine za ukaguzi. Ni dogo. Wakiingia watu wanne na mabegi yao ya mkononi, wa tano anasubiri nje. Wana mito ya shingo, chaja, waya za simu, visikizio, soksi, miswaki, dawa ya meno, biskuti, chokoleti, na rafu moja ya kahawa na chai za Tanzania kwa wanaotaka zawadi. Nawapa nyota nne kati ya tano, na nyota tatu kati ya hizo ni za binti anayeuza.

Niseme kwa nini. Maduka mengi ya viwanja vya ndege yanamwona abiria kama mtu aliyekwisha kunasa. Hawezi kutoka akaulizie bei duka la pili, saa inambana, na mawazo yake yote yapo kwenye lango la kuondokea. Muuzaji anapokea kitu, anakipitisha kwenye mashine, anataja bei, basi. Kama kitu hicho kitakufaa huko uendako au kitatupwa kwenye pipa la ukaguzi kabla hujafika, hiyo ni juu yako. Binti huyu anaanza na swali, na hagusi mashine mpaka umemjibu.

Nilichukua pawabenki, yaani betri ya kubeba ya kuchajia simu, ya 20,000 mAh, maana ya kwangu ilikuwa imeanza kuvimba ubavuni na kitu kilichovimba vile hakipandi ndege na mimi. Akaishika, akaniuliza, "Dada, unaenda wapi?"

"Guangzhou."

"Unaishia hapohapo, au utapanda ndege nyingine za ndani?"

Nikamwambia nikitoka Guangzhou napanda kwenda Hangzhou, kwa sababu vitambaa vya mapazia navifuata soko la Keqiao, na Hangzhou ndiyo njia yake. Akaigeuza ile pawabenki, akapitisha ukucha kwenye maandishi madogo ya mgongoni, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. "Hii haina ile alama ya C tatu, dada. Ndege za ndani za China wataichukua. Wateja wangu wa Kariakoo wamerudi hapa wakanieleza, wamenyang'anywa. Ukifika kanunue hukohuko, na ni bei ndogo kuliko yangu."

Akairudisha kwenye rafu. Bei yake ilikuwa elfu themanini na tano. Sisi tunaokaa dukani kutwa nzima tunajua uzito wa kumrudishia mteja pesa yake mkononi wakati ameshaamua kununua. Nilichukua waya wa simu na maji, nikamlipa kwa roho safi.

Na alichosema ni kweli tupu. Tangu tarehe 28 Juni 2025, China imekataza abiria wa ndege za ndani kubeba pawabenki isiyo na alama ya 3C, au yenye alama isiyosomeka vizuri, au ya toleo ambalo kiwanda kimelirudisha kwa hitilafu. Alama yenyewe ni herufi C kubwa iliyokumbatia C nyingine mbili. Ni alama ya usalama kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi yao. Zile zinazotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje hazilazimiki kuwa nayo, na ndiyo maana pawabenki nyingi tulizonazo Kariakoo, ambazo zimetoka hukohuko China, hazina. Wafanyabiashara wengi wanaoruka kutoka Guangzhou kwenda Yiwu au Hangzhou jambo hili linawakuta pale pale kwenye ukaguzi, simu ikiwa na asilimia kumi.

Sheria hizi hazikutungwa kwa kusumbua watu. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliwaka moto ikiwa bado ardhini uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote walitoka hai, lakini paa la ndege liliungua, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye pawabenki iliyokuwa sehemu ya juu ya kuwekea mizigo. Tangu hapo mashirika yamekaza kamba. Emirates, ambayo wenzetu wa mzigo wa Dubai wanaipanda sana, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyozidi Wh 100, na ukiwa ndani ya ndege huruhusiwi kuitumia wala kuichaji.

Hizo Wh, yaani wati-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri, zinawachanganya watu, kwa hiyo nieleze. Chukua namba ya mAh, zidisha kwa volti zilizoandikwa, mara nyingi 3.7, kisha gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inatoa Wh 74, hiyo iko salama. Ukifika kama 27,000 umeshagusa Wh 100, na kuanzia hapo mpaka 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Na siku zote ikae kwenye begi la mkononi. Ukiiweka kwenye begi kubwa utaitwa kwa jina kwenye spika, ukafungue begi mbele ya watu.

Sasa adapta, ambayo ndiyo wengi wanaikimbilia dakika za mwisho. Binti yule ana tabia nzuri hapa pia: kama huihitaji, anakwambia. Soketi zetu za miguu mitatu ya mraba ndizo zinazotumika Dubai na Muscat. Nimemsikia akimwambia mzee mmoja wa Kipemba aliyekuwa anakwenda Oman kwa watoto wake, "Babu, chaja yako itaingia hivyohivyo, usinunue." Ukienda India, huko ni miguu ya mviringo. Afrika Kusini nako ni mviringo, ila mikubwa na minene. Uturuki na Ulaya bara ni miwili ya mviringo. China ni miwili bapa, au mitatu bapa iliyokaa mshazari, na umeme wao ni volti 220, kwa hiyo chaja yako ya nyumbani haitapata shida. Marekani ni volti 120. Chaja za simu na kompyuta huko zinafanya kazi, lakini pasi ya nywele uliyonunua Dar itabaki vuguvugu.

Safari hii nilikuwa na mwenzangu wa sokoni, mama muuza viatu vya watoto, safari yake ya kwanza. Hakuwa na adapta. Binti akafungua boksi mbele yake, akasukuma kitufe cha pembeni, miguu miwili bapa ikatokeza, akaibana kwa vidole viwili na kuitikisa kuona kama inacheza. Ilikuwa inacheza. Akaiweka kando, akafungua boksi la pili, akarudia vilevile, na hiyo ikasimama imara. "Hii mama chukua. Ila usichomekee pasi wala birika la kuchemshia maji, ni ya simu na kompyuta." Ni kweli, adapta za aina zote-kwa-moja zina fyuzi ndogo, na vitu vya kupasha moto vinaziunguza.

Ilikuwa elfu arobaini na tano. Kariakoo ya aina hiyohiyo unaipata kwa elfu kumi na mbili, na ukibembeleza inashuka. Nilimshauri ainunue, tena bila kusita, na sababu yangu ni hii. China simu ndiyo pochi. Teksi, chakula, treni, hata muuza mahindi ya kuchemsha mtaani, wote wanataka uskani kwa Alipay au WeChat. Mgeni anayeingia usiku, simu imezimika, hajui Kichina, hana hata jina la hoteli kwa maandishi yao, yupo kwenye shida kubwa kuliko hiyo tofauti ya elfu thelathini na tatu. Hiyo ni bei ya kununua utulivu wa usiku mmoja, na kwa mtu wa safari ya kwanza mimi naiona ni halali. Ila wewe unayesoma haya una wiki mbili kabla ya kusafiri, pita Kariakoo.

Vitu vingine havina maana kabisa kuvinunulia pale, hata bei ingekuwa nzuri. Kufuli la begi ni mojawapo. Ukishafika ndani, begi kubwa umelikabidhi kaunta, limeondoka. Kufuli linanunuliwa kabla ya kutoka nyumbani. Mizani ya kubebea mkononi hali kadhalika: itakusaidia ukiwa bado sebuleni, kabla hujaambiwa kilo 23 zimepita na foleni yote inakutazama ukihamisha nguo. Kubadilisha fedha, fanya mjini, uulizie maduka mawili matatu. Mto wa shingo una kazi kama unavuka usiku mrefu. Kutoka Dar kwa kupitia Addis Ababa, kile kipande cha pili cha kwenda Guangzhou ni usiku mzima angani. Lakini ushike kwanza ndani ya mkono. Ukibonyea mpaka vidole vikakutana, kichwa hautakibeba. Soksi za kubana miguu ni nzuri kwa sisi tunaovimba vifundo, na pale hawazidishi bei sana.

Na kalamu. Jamani, kalamu. Elfu mbili tu, na ndiyo kitu kinachoazimwa kuliko vyote kwenye foleni za fomu za uhamiaji duniani. Watu wana simu za milioni mbili na hawana kalamu.

Vimiminika navyo vinahitaji muuzaji anayeuliza. Mnajua kanuni: chupa isizidi mililita 100, zote zikae kwenye mfuko mmoja mwangavu wa lita moja. Ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kuvunja, mwezi Agosti, njama ya kulipua ndege zinazokwenda Marekani na Kanada kwa vilipuzi vya maji. Ukinunua pafyumu kubwa au kinywaji ndani, baada ya ukaguzi, hapo Dar huna tatizo. Tatizo lipo unapobadilishia ndege, kwa sababu viwanja vingi vinakukagua upya. Kinachookoa kitu chako ni mfuko maalumu unaofungwa kwa gundi palepale dukani, risiti ikiwa ndani inaonekana, na usifunguliwe mpaka ufike mwisho wa safari.

Kuna mwaka nilinunua pafyumu ya zawadi katika uwanja mmoja wa nchi nyingine. Muuzaji hakuniuliza naelekea wapi, akaitia kwenye mfuko wa kawaida wa karatasi na utepe mzuri juu yake. Kituo kilichofuata ikachukuliwa, na afisa alisikitika kabisa, akanionyesha ule utepe kama vile nao ni sehemu ya msiba. Pesa iliyopotea pale ningenunua jora zima la kitambaa chepesi. Duka lile lilikuwa na marumaru, taa na wahudumu wenye suti. Neno moja tu, "unaelekea wapi", lingetosha. Ndiyo maana naliandikia duka dogo la Dar sifa ndefu hivi.

Kuhusu mawasiliano, duka hili haliuzi laini, lakini nataja kwa sababu wengi wanakumbuka wakiwa hapo. China bara WhatsApp imefungwa kwenye mitandao yao, na laini ya kwao uliyonunua hapo haitakufungulia. Laini yako ya Tanzania ukiiwekea kifurushi cha kutumia nje ya nchi inapita, maana data zake zinazungukia nyumbani. Mimi biashara yangu nzima ni kumpigia mteja picha ya kitambaa, anachagua rangi, nalipia. Bila hiyo nimekwenda kutalii. Kiweke kifurushi ukiwa bado Dar, na uhakikishe kwa mtoa huduma wako kwamba China imo kwenye orodha.

Tuje kwenye bei, kwa sababu watu wakiona maneno "bila ushuru" mioyo inafunguka. Mpango huu wa maduka yasiyo na ushuru ulianzia uwanja wa Shannon, Ireland, mwaka 1947, wakati ndege za kuvuka Atlantiki zilipokuwa zinatua pale kuongeza mafuta. Ushuru unaoondolewa una maana kubwa kwenye pombe, sigara na manukato, ambavyo serikali huvitoza sana. Kwenye waya wa simu au mto wa sponji ushuru wenyewe ulikuwa mdogo tangu mwanzo, wakati pango la fremu ndani ya uwanja wa ndege ni kubwa, na linaingia kwenye bei. Mfanyabiashara yeyote angefanya hivyo, simlaumu. Ila usiingie kichwa kichwa ukidhani umeokoa.

Nilichopenda ni kwamba unalipa kwa shilingi, kadi au Lipa Namba, na risiti ya EFD unapewa bila kuidai. Ukitaka zawadi ya kumpelekea mtu wa kiwandani, chukua kahawa. Mimi nampelekea mama mmoja wa Keqiao kahawa ya Bukoba, na anaiweka kabatini mbele ya wateja wake wengine waione. Usinunue matunda wala kitu cha nyama, China hawaruhusu viingie na abiria.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya lebo. Nusu ya vitu kwenye rafu ya juu havina bei, na iliyopo imeandikwa kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani. Abiria mwenye haraka akiuliza bei ya vitu vitatu tayari anajisikia msumbufu, anaondoka. Bei iandikwe, hata kama ni kubwa. Mtu aamue mwenyewe.

La pili, wanaleta adapta za zote-kwa-moja peke yake. Kuna zile ndogo za nchi moja, za plastiki nyeupe, ambazo kwa jumla ni pesa kidogo sana. Wangezipanga kwa nchi, China, India, Uturuki, Afrika Kusini, wakaziuza hata elfu kumi na tano, zingetoka kama njugu. Hasa kuelekea tarehe 15 Aprili na 15 Oktoba, yanapofunguliwa yale maonyesho makubwa ya Guangzhou yaliyopo tangu 1957, maana wiki hizo ndege zinajaa watu wa Kariakoo. Na pawabenki zenye 3C zinapatikana kwa yeyote anayeagiza kutoka soko la ndani la China.

Nilimweleza binti yote haya nikiwa nasubiri mwenzangu amalize kulipa. Akaniuliza zile adapta ndogo zinanunuliwa wapi Guangzhou, nikampa jina la soko na namba ya ghorofa, akaandika nyuma ya risiti ili ampelekee bosi wake. Nasafiri tena kabla ya maonyesho ya Oktoba, na nitapita kuziangalia kama zimefika.